Kapteni wa Estonia kwenye Kituo cha Chai

Harufu ndiyo iliyonikamata kwanza. Tulikuwa tumemzika baba mdogo Makori juma lililotangulia, na ukoo ukaamua kwamba mimi ndiye nifungue sanduku lake la bati, kwa kuwa wengine wote walikuwa na kazi. Mimi huandika makala. Kwetu upande wa Birongo kuandika makala hakuhesabiwi kuwa kazi. Huonekana kama namna ya kuugua polepole. Nilipoinua kifuniko ikanijia ile harufu ya mitumba inayofunguliwa: dawa ya nondo, sabuni ya nchi za mbali, na kitu kama mvua iliyofungiwa chumbani. Chini kabisa, chini ya blanketi na koti la harusi za watu wengine, kulikuwa na fulana. Nikaketi sakafuni na miaka yangu yote na shahada zangu mbili.

Fulana ile zamani ilikuwa nyeupe. Kifuani ina picha ya mzungu katika mashua ndogo sana, tanga limesimama juu yake, herufi EST na namba fulani zimeandikwa kwenye tanga. Mzungu mwenyewe hakukaa ndani ya mashua kama mtu mwenye akili timamu. Miguu yake imenaswa kwenye mkanda, mwili wote umelala nje, mgongo uko hewani, kisogo kimebakiza kama kiganja kimoja kufika majini. Uso wake unacheka. Chini yake kuna maneno mawili makubwa ya lugha ambayo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuisikia.

Makori aliuza mitumba Nyakoe siku za soko, na siku nyingine alichuma chai katika shamba la nyanya, mama yake. Hakuwa ameoa, wala hakuwa amebatizwa, na nyanya alilalamikia mambo hayo mawili kwa pumzi moja, ingawa la pili ndilo lililomnyima usingizi. Siku moja alikata kamba za robota jipya akakuta nusu yake nzima ni fulana ile ile. Zilikuwa mpya, zimekunjwa vizuri, hazijavaliwa na mtu. Wauzaji wenzake walimcheka. Robota la kitu kimoja ni mkosi, maana nani atanunua shati ambalo jirani yake analo tayari?

Makori akampelekea baba yangu moja. Baba alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwenye atlasi. Alitafuta kwa muda, kisha akaweka kidole juu kabisa, karibu na barafu.

"Estonia," akasema. "Ina bahari hapa, na hapa."

"Inazidi Kisii?"

"Ukubwa? Inazidi. Mara nyingi."

"Na watu?"

"Atlasi haijasema."

"Basi watu tunawazidi sisi," Makori akasema, akaikunja fulana kama mtu aliyemaliza biashara.

Kuanzia hapo mzungu yule akawa na jina: Kapteni. Makori aliwaambia wateja kwamba huyo ndiye mwanamashua hodari kuliko wote duniani, na kwamba kwao hata watoto wachanga huvalishwa sura yake. Maneno ya chini aliyatafsiri kulingana na mnunuzi. Kwa kijana yalisema "Nguvu haiishi." Kwa mama mwenye watoto yalisema "Pamba safi." Mzee wa kanisa alipouliza, yalisema "Mungu yupo." Fulana zikaisha. Ukipita kwenye matuta ya chai asubuhi ungemwona Kapteni kwenye migongo iliyoinama, Kapteni kwenye sauti nzito ya kwaya, Kapteni amefika magotini pa watoto kama gauni, Kapteni amevishwa mti katikati ya mahindi kutisha ndege. Sijui kama huko kwao alipata kuvaliwa na watu wengi namna hiyo. Nami nilikuwa na yangu. Niliivaa hadi mama akaigeuza kitambaa cha kushikia sufuria.

Fulana ziliisha lakini Kapteni hakuisha. Wanaolima chai wanajua jinsi jioni inavyopotea kwenye kituo cha kununulia majani. Umechuma tangu asubuhi, umemwaga kwenye meza, umechagua, karani hajapima kwa sababu lori la kiwanda halijaja, na lori halijaja kwa sababu ya matope. Mnakaa. Majani yanaanza kupata joto, watu nao pia. Hapo ndipo Makori alipopanda juu ya vikapu vilivyopinduliwa, akaketi, akanasa miguu yake chini ya benchi la karani, na kutangaza mashindano ya mashua.

Nyumbani tulisema Kikisii. Kiswahili chetu kilikuwa cha shuleni, cha sokoni na cha kuongea na askari. Lakini mashindano aliyatangaza kwa Kiswahili, kwa sababu redio hutangaza mpira kwa Kiswahili, na Makori aliamini kwamba mambo makubwa hayawezi kutokea kwa lugha nyingine.

"Upepo inavuma! Upepo inavuma kutoka kaskazini! Mashua ya Mfaransa inalala, mashua ya Mwingereza imeshalala zamani! Kapteni anaenda nyuma... anaenda nyuma..." Na yeye mwenyewe alilala nyuma taratibu, miguu imeshikwa na benchi, hadi kisogo chake kikawa juu kidogo tu ya matope. Alibaki hapo, mishipa ya shingo imemtoka, akiendelea kutangaza huku anaangalia mbingu. "Maji iko hapa! Maji iko kwa masikio! Kapteni anaogopa? Haogopi!"

"Makori!" Huyo alikuwa Mama Osoro, jirani yetu, shemasi wa kanisa, aliyevaa fulana ya Kapteni juu ya gauni na hakukosa mashindano hata moja. "Hiyo mashua haina breki?"

"Maji haina breki, mama."

"Basi huyo mzungu wako ataua mtu. Na leo amekuwa namba ngapi?"

"Namba moja."

"Kila siku yeye? Hao wengine huwa wanaenda kufanya nini?"

"Kumsindikiza."

Karani alicheka hadi akaweka kalamu chini. Mimi sikucheka. Niliamini kila neno. Niliamini kwamba matokeo humfikia baba mdogo kwa njia ambayo watoto hatuambiwi, kama vile tulivyokuwa hatuambiwi mahali watoto wachanga wanakotoka.

Mwaka huo miguu ya nyanya ilianza kuvimba. Alikuwa Msabato wa tangu ujana, mtu ambaye Ijumaa jua likielekea mlimani alizima hata mazungumzo. Watoto wake wote aliowazaa na wakabaki walikuwa wamezamishwa katika mto Gucha kama inavyotakiwa, mwili mzima, mpaka nywele, isipokuwa Makori. Kila mwaka ubatizo ulifanywa mwisho wa makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa, na kila mwaka Makori alikuwa na sababu: homa, soko, jino. Mimi nilidhani ni sigara. Watu wazima walipozungumzia jambo hilo walishusha sauti, na kitu pekee nilichokijua kinachoshushiwa sauti katika boma letu ni sigara.

"Mimi siogopi kulala," nyanya alimwambia mbele yetu jioni moja, miguu yake juu ya kigoda. "Naogopa asubuhi ile ya ufufuo. Nitaamka, nitahesabu wanangu, nitaangalia huku na huku. Wewe sitakuona. Nitamuuliza nani?"

Makori aliangalia moto. Akasogeza ukuni mmoja ndani.

Ni mimi niliyeongea, na kwa hekima ile ile ambayo imenifanya mwandishi wa makala. Nikamwambia nyanya asiwe na wasiwasi, baba mdogo anajua kubatizwa, anafanya kila siku kituoni. Nikamwonyesha picha kwenye fulana. Mtu analala nyuma juu ya maji, miguu imeshikwa, uso umeelekea juu, anafurahi. Nilikuwa nimeshuhudia ubatizo mara kadhaa kutoka juu ya mabega ya baba, na niliona hivyo hivyo: pasta anamlaza mtu nyuma, mtu anaangalia mbingu. Yanayofuata niliyakosa kila mara, kwa sababu hapo watu wote husimama mbele yako.

Nyanya akavaa miwani, akamsogeza Makori karibu kwa kuvuta fulana.

"Kweli anabatizwa huyu," akasema. "Sasa pasta wake yuko wapi?"

"Yuko nyuma," nikasema, nikazunguka kumtafuta pasta mgongoni mwa baba mdogo. Hakukuwa na kitu. Nyanya alicheka hadi akashika kifua. Makori pia alicheka, halafu akaacha ghafla, akaitazama picha kifuani mwake, kichwa chini, kama mtu anayesoma barua aliyoibeba muda mrefu bila kuifungua.

"Mama," akasema. "Makambi haya nitaingia."

Hakuna harusi niliyowahi kuiona ikiandaliwa kama ubatizo ule. Kuku walikamatwa siku ya Ijumaa mchana, kabla ya jua kuharamisha kazi. Ndizi zilimenywa mpaka vidole vya mama zangu vikawa vyeusi. Kwaya ilifanya mazoezi ya wimbo wa kuzaliwa upya kwa ajili yake peke yake. Na kituoni mashindano yalipamba moto. Kila jioni Makori alilala nyuma zaidi, akabaki zaidi, hadi Mama Osoro akaanza kumshika mkono kwa hofu. Siku moja nywele zake ziligusa matope. Watu walishangilia. Alipoinuka aliyapangusa haraka sana, mara nyingi, hata pale ambapo hayakuwepo tena.

Sabato ya mwisho wa makambi, nyanya alipelekwa mtoni kwa toroli. Baba alilitandikia godoro, akalisukuma mwenyewe akiwa na tai shingoni, na nyanya akakaa humo wima na Biblia mapajani, akisalimia watu pande zote mbili. Gucha ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kanzu za ubatizo hazikuwatosha wanaume, kwa hiyo waliobaki waliingia na nguo zao, na Makori akaingia na Kapteni kifuani.

Pasta alikuwa mtu wa upande wa Nyaramba, mfupi, mwenye mikono ya mkulima. Makori aliingia hadi magotini akasimama. Aliingia hadi kiunoni akasimama tena. Safari hii nilikuwa nimejipenyeza mbele kabisa, miguu yangu majini, niione mwenyewe. Pasta akasema maneno yake, akaweka mkono mmoja mgongoni mwake na mwingine kifuani, juu ya uso wa Kapteni, akaanza kumlaza.

Na baba mdogo akalala. Alilala vizuri kuliko siku zote. Mgongo ulinyooka, shingo ikanyooka, macho yakaelekea juu. Kisogo kikashuka, kikashuka, kikafika pale, kama kiganja kimoja juu ya maji, kikasimama.

Pasta akasukuma kidogo. Makori hakushuka.

"Legea, ndugu."

"Nimelegea, pasta."

Pasta akasukuma tena. Mwili mzima wa baba mdogo ulikuwa umekaza kama mti, unatetemeka, maji yanapita chini ya kichwa chake bila kukigusa. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo mapema ikalazimika kuurudia mwanzo. Ng'ambo ya mto mtu akacheka, kisha wengi.

Mimi nikapiga makofi. Niliruka majini nikapiga kelele, "Ameshinda! Ameshinda!" Kwa maana ilikuwa picha ile ile, jinsi ilivyochorwa. Sijawahi kuona kitu kikifanana na picha yake namna ile, kabla au baada.

Pasta alimwinua taratibu. Alisema jambo sikioni mwake. Makori akatikisa kichwa, akatoka, maji yakimchuruzika kutoka kiunoni kwenda chini. Mama Osoro alikuwa amesimama ukingoni na taulo za kuwapokea waliobatizwa; alimpokea naye pia, akamfunika kichwa kwa moja kavu, akampangusa nywele, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Kisha Makori akaenda akapiga magoti kando ya toroli. Nyanya aliondoa taulo ile, akapitisha kiganja kwenye kichwa cha mwanawe, kutoka utosini hadi kisogoni.

"Nywele kavu," akasema.

"Mwaka ujao, mama."

"Mwaka ujao," nyanya akasema, kama mtu sokoni anayeirudia bei asiyoiweza.

Kuku walikuwa wameiva, kwa hiyo tulikula. Kwaya ilikuja nyumbani ikaimba wimbo wa kuzaliwa upya, kwa sababu ndio pekee iliyokuwa imeufanyia mazoezi. Wageni walimpa Makori mkono, wengine wakampongeza kwa mazoea kisha wakauma ulimi. Mimi nilikula mapaja mawili. Nilidhani hiyo ndiyo sherehe ya ushindi, na kwamba ukimya wa watu wazima ulitokana na shibe.

Nyanya hakuyafikia makambi mengine. Alilala majira ya mvua, mchana, huku majani ya chai yakiwa hayajachumwa. Makori alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Baada ya hapo alichuma chai, aliuza mitumba, alisaidia watu, alitania watoto, lakini kwenye kituo hakupanda tena juu ya vikapu. Wiki za kwanza watu walimwomba.

"Kapteni, leo hakuna mashindano?"

"Bahari imefungwa," alijibu, akaendelea kuchagua majani.

Ndilo jina lililobaki naye. Kwenye tangazo la msiba limeandikwa hivyo: Makori, anayejulikana kama Kapteni. Mzee wa kanisa alikuja akaomba maombi mafupi, akasema amekuja kama jirani. Hakusema kwamba kama mzee wa kanisa hakuja.

Siku ya mazishi nilisimama na baba kando ya kaburi baada ya watu kutawanyika. Amezeeka, anasikia anapotaka. Nilimuuliza, miaka yote hii baadaye, kwa nini Makori hakurudi mtoni.

"Kati yangu na Makori kulikuwa na ndugu mwingine," baba akasema. "Walikuwa wametumwa kwenye mashine ya kusaga. Gucha ilikuwa imejaa. Makori alirudi peke yake, na debe tupu." Akachukua udongo mkononi, akauangalia. "Aliniambia alimwona akienda na maji, chali. Uso juu."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu nafsi ya mwanadamu, na vingine nimevikosoa magazetini kwa ujasiri mkubwa. Hakuna hata kimoja kilichonisaidia kugundua kwamba mtu yule kwenye benchi la karani alikuwa akijifunza maji mahali pakavu, jioni baada ya jioni, mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kinacheka, ili aweze kumpa mama yake kitu kimoja. Alibakiza kiganja tu.

Sasa nilikuwa sakafuni na fulana. Nikafanya ambalo ningeweza kulifanya miaka mingi kabla, Makori akiwa hai, laiti ningeona linastahili kupoteza vifurushi vyangu vya data: nikaandika yale maneno mawili kwenye simu, nikaongeza herufi na namba za kwenye tanga.

Maneno yanasema: Bingwa wa Dunia.

Na mtu mwenyewe yupo. Ni mzee sasa, ana mvi, magazeti ya kwao bado yanamwandika. Niliyasoma kwa tafsiri ya mashine, inayoongea Kiswahili kama sisi tulivyokiongea kituoni. Katika mashindano makubwa ya maisha yake alianza siku ya mwisho akiwa mbele ya wote. Nchi yake ndogo ilikuwa na uhakika, hata mtu mmoja akachapisha fulana mapema, maelfu, ziwe tayari bandarini. Kapteni akamaliza mbio za mwisho akiwa wa kwanza, akainua mikono. Ndipo akaambiwa kwamba alivuka mstari wa kuanzia kabla ya ishara, kidogo tu, urefu wa pua ya mashua, na mbio zile hazihesabiwi. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, mwaka ule wala mwingine wowote. Watu walikwenda bandarini hata hivyo, wakamwimbia. Wanampenda mpaka leo. Anafundisha watoto kuendesha mashua, na barabarani wazee humshika mkono. Lakini fulana hakuna aliyeweza kuzivaa. Zikafungwa robota.

Nilihitaji kumwambia mtu, na wa kumwambia alikuwa amezikwa. Jioni nikatembea hadi kwenye kituo. Siku hizi kina paa la mabati na mzani unaong'aa, lakini lori bado linachelewa. Mama Osoro alikuwa ameketi mahali pake pa zamani. Ni mwembamba sasa kama fimbo anayoiegemea, na majani yake huchumwa na wajukuu, ila kuja kusubiri lori hajamwachia mtu.

"Profesa," akaniambia. Mimi si profesa; kwetu yeyote aliyesoma mpaka watu wakachoka ni profesa. "Umekuja kupima nini, na mikono yako mitupu?"

Nikamwonyesha fulana. Akaiweka mapajani, akaisawazisha kwa viganja, akaitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza yote: maneno, bandari, mstari, ishara, maelfu ya fulana. Nikamwambia mzungu yule siku ile hakushinda, kama vile Makori hakushinda mtoni, kwamba wote wawili walisherehekewa bure. Nadhani niliongea vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno kwa ajili ya makala hii.

Aliniacha nimalize. Karani alikuwa ameinua kichwa anasikiliza.

"La Makori nakubali," Mama Osoro akasema. "Mimi ndiye niliyeshika taulo. Ilitoka kavu, niliikunja kavu. Nililia nayo usiku." Akairudishia fulana mikunjo yake, mmoja baada ya mwingine, akaiweka kando yake, si mkononi mwangu. "Lakini huyu mzungu alishinda."

"Mama, nimesoma magazeti ya kwao wenyewe."

"Waliandika walichoandika." Akaelekeza fimbo yake kwenye benchi la karani, pale pale Makori alipokuwa akinasa miguu. "Wewe ulikuwa mtoto, umesahau. Mimi nilikuwepo."